Shabaha Ipi? Istilahi za Kulinganisha Bunduki Mseto

Utangulizi

Aghalabu mjadala wa istilahi huhusu nyanja zinazosikika kila siku: uchumi, sheria, sayansi ya shuleni, utawala. Nyanja ya silaha za uwindaji haikumbukwi mara nyingi, kwa sababu watu wanaozishika ni wachache na kwa sababu wengi wetu tunapendelea zisiwepo. Hata hivyo, mfasiri hachagui karatasi inayoletwa mezani pake. Mwalimu wa sekondari, mtumishi wa idara ya wanyamapori au karani wa halmashauri anaweza kupewa kijitabu cha maelezo ya bunduki akaambiwa akitie katika Kiswahili ili askari wa wanyamapori wa kijiji wakielewe. Hapo ndipo atakapogundua kwamba maneno anayo, lakini hayatoshi. Au yanatosha, lakini neno moja linabeba mizigo mitatu.

Makala haya yanachunguza kazi moja tu, nayo ni kulinganisha bunduki yenye mtutu wa risasi na mtutu wa marisau kwa pamoja, ili ipige pale jicho linapolenga. Hatukusudii kumfundisha mtu kuwinda. Umiliki wa silaha nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, na uwindaji unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Tunalokusudia ni kuonyesha kwamba katika kazi hii upungufu wa istilahi hupimwa kwa milimita, na kwamba kosa la mfasiri linaweza kumpata mtu asiyejua kwamba tafsiri hiyo iliwahi kuandikwa.

Mfano wa Ndungu

Tuchukue mfano kutoka Ndungu, katika Wilaya ya Same. Mji huu mdogo uko chini ya Milima ya Upare ya Kusini, upande wa mashariki, kwenye tambarare inayopita Kisiwani, Gonja na Maore na kuendelea hadi Kihurio. Maji ya mto Yongoma hunywesha mashamba ya mpunga. Ng'ambo ya tambarare kuna pori la Mkomazi, lililofanywa kuwa pori la akiba mwaka 1951 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mkulima wa hapa anaishi kati ya mlima na mbuga. Kwelea-kwelea hushuka juu ya mpunga kutoka angani. Nguruwe mwitu huja usiku. Tembo na nyati hawatambui mpaka uliochorwa kwenye ramani.

Katika mahali pa namna hii mtu huona mara moja sababu iliyowafanya mafundi wa bunduki waunganishe mitutu ya aina mbili. Mtutu wa marisau hufaa kwa ndege kama kwale na kanga, walio karibu na wanaokwenda mbio. Mtutu wa risasi hufaa kwa mnyama mkubwa aliyesimama mbali. Anayetembea porini hajui atakutana na kipi kwanza.

Sasa tuseme, kwa ajili ya mfano, kwamba mwalimu mmoja ameombwa kufasiri ukurasa wa maelezo ya bunduki ya namna hiyo. Ameandika: "Ikiwa shabaha iko chini, pandisha shabaha." Anamsomea mzee mmoja aliyekuwa mwindaji mwenye leseni. Mzee anasikiliza hadi mwisho, kisha anauliza kwa upole: "Mwalimu, shabaha ipi? Ya karatasi, ya bunduki, au ya jicho langu?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya.

Neno shabaha na mizigo yake

Katika matumizi ya kawaida neno shabaha lina maana zisizopungua nne. Kwanza, ni kitu kinacholengwa: karatasi, kopo, mnyama. Pili, ni kitendo cha kulenga, kama tunaposema "amechukua shabaha". Tatu, ni ustadi wa mpigaji: "yule ana shabaha". Nne, ni kile chuma kidogo kilicho juu ya mtutu ambacho jicho hukitumia kulenga. Katika mazungumzo maana hizi hazigongani, kwa kuwa msemaji huonyesha kwa mkono au kwa jicho. Katika maandishi hakuna mkono wala jicho.

Tutazame sentensi ya mwalimu wetu. Bunduki inapiga chini ya pale panapolengwa. Msomaji wa kwanza ataelewa kwamba apandishe karatasi. Atapoteza risasi bure, na bunduki itabaki ilivyo. Msomaji wa pili ataelewa kwamba alenge juu zaidi. Huyo atazoea kosa badala ya kuliondoa, na siku atakapomwazima mwenzake bunduki, mwenzake hatajua. Msomaji wa tatu ataelewa kwamba apandishe chuma cha kulengea. Lakini vyuma ni viwili: kimoja kiko nyuma, karibu na jicho, na kingine kiko mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Akikipandisha cha nyuma, risasi itapanda. Akikipandisha cha mbele, risasi itazidi kushuka.

Kanuni yenyewe ni hii: chuma cha nyuma husogezwa kule tunakotaka risasi iende, chuma cha mbele husogezwa kinyume chake. Sababu si ngumu. Jicho hupanga vyuma vyote viwili katika mstari mmoja na kitu kinacholengwa. Chuma cha nyuma kikiinuliwa, mpigaji atalazimika kuuinua mdomo wa mtutu ili mstari upatikane tena. Chuma cha mbele kikiinuliwa, atalazimika kuushusha mdomo huo.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba, katika maandishi ya kiufundi, neno shabaha libaki na maana moja tu, yaani kitu kinacholengwa. Chuma cha kulengea kiitwe kilengeo. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi lengea, kama vile kiegemeo kilivyotokana na egemea. Hatukuchagua kilengo, kwa kuwa lingekaa jirani mno na lengo, ambalo katika ofisi zetu lina kazi yake nyingine. Tutakuwa basi na kilengeo cha nyuma na kilengeo cha mbele; mstari unaotoka jichoni kupitia vilengeo hivyo hadi kwenye shabaha utaitwa mstari wa kulengea; na mahali risasi inapogonga pataitwa pigo. Sentensi ya mwalimu sasa itasomeka hivi: "Ikiwa pigo liko chini ya shabaha, pandisha kilengeo cha nyuma." Mzee hatakuwa na la kuuliza.

Jina la bunduki yenyewe

Ama kuhusu jina la bunduki, Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuzitaja bunduki kwa jinsi zinavyofanya kazi. Bunduki lenyewe ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambako bunduq ni aina ya kokwa, na kutoka hapo likawa jina la kidonge cha kurushwa. Risasi ni neno la Kiarabu la madini ya timazi, na marisau ni ndugu yake. Bunduki iliyowashwa kwa jiwe iliitwa gumegume. Iliyoshindiliwa baruti kwa mdeki kupitia mdomoni ni gobori au korofindo. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo: neno lao la bunduki ya marisau, Flinte, asili yake ni lile jiwe la kuwashia, kwa hiyo Flinte na gumegume ni majina yaliyozaliwa na wazo moja katika nchi mbili zilizo mbali.

Wajerumani ndio hasa waliozikuza bunduki zenye mitutu ya aina mbili. Yenye mtutu mmoja wa risasi na mmoja wa marisau waliiita Büchsflinte. Yenye mitutu mitatu waliiita Drilling, neno ambalo maana yake ya kawaida ni mmojawapo wa watoto watatu waliozaliwa kwa mimba moja. Mwaka 1941 na 1942 kampuni ya J. P. Sauer & Sohn iliwatengenezea marubani wa Ujerumani Drilling yenye mitutu miwili ya marisau namba 12 na mmoja wa risasi ya milimita 9.3, ili rubani akianguka jangwani Afrika ya Kaskazini apate kujilisha na kujilinda. Warusi nao, kuanzia miaka ya 1980, waliwapa wanaanga wao silaha fupi yenye mitutu mitatu, kwa kukumbuka jinsi Alexei Leonov na mwenzake walivyotua ndani ya misitu ya baridi ya milima ya Ural mwaka 1965.

Je, sisi tuiiteje? Yamependekezwa majina mawili matatu katika mazungumzo ya wafasiri. Bunduki pacha lina mvuto, na linakaribiana na wazo la Wajerumani. Lakini kwa Mswahili pacha ni wawili wanaofanana, hali mitutu hii sifa yake kubwa ni kutofanana. Bunduki ya midomo miwili linatumika na watu wengi, lakini linaitaja pia bunduki ya kawaida ya marisau yenye mitutu miwili. Sisi tunapendekeza bunduki mseto. Mseto ni chakula cha mchele na choroko au kunde vilivyopikwa chungu kimoja, na tayari neno hilo limeingia katika siasa kwa maana ya serikali ya vyama vilivyoungana. Atakayepinga atasema kwamba katika mseto wa jikoni huwezi tena kutenga punje na punje, na hali katika bunduki kila mtutu hufyatuliwa peke yake. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini, kama tutakavyoona, mitutu hii imeungwa kiasi kwamba joto la mmoja humpotosha mwenzake, na kwa hiyo jina la mseto si la mzaha tu.

Mtutu, mdomo, kasiba

Kiungo cha pili kinachohitaji uangalifu ni kile kinachopitisha risasi. Vitabu vya zamani vina kasiba na mwanzi. Watu wa leo husema mtutu. Wengine husema mdomo kwa maana ileile. Kwa kuwa tunahitaji jina la ile ncha ya mbele ambamo risasi hutokea, ni afadhali mtutu liwe jina la bomba zima, na mdomo liwe jina la ncha hiyo.

Mitutu ya bunduki mseto ni ya aina mbili. Mmoja umechongwa ndani mifuo inayozunguka kama msokoto wa kamba, nayo huifanya risasi izunguke iendapo na hivyo kushika njia yake. Huu tuuite mtutu wa mifuo. Wa pili hauna mifuo, na hutumika kwa marisau. Tuuite mtutu laini. Mfasiri aepuke kusema "mtutu mgumu na mtutu laini", kwa sababu ulaini hapa ni wa ndani ya bomba, si wa chuma.

Hapa pana mtego wa kwanza wa namba. Mtutu wa mifuo hutajwa kwa kipenyo chake: milimita 9.3 ni mpana kuliko milimita 5.6. Mtutu laini hutajwa kwa hesabu ya kale: namba 12 maana yake ni kwamba vidonge 12 vya timazi, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha mtutu huo, vina uzito wa ratili moja. Kwa hiyo namba ikizidi, mtutu hupungua. Namba 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi, na namba 16 ina milimita 16.8 hivi. Mfasiri anayeongeza neno "milimita" baada ya 12 kwa nia ya kumsaidia msomaji amempotosha.

Neno risasi nalo linahitaji mipaka. Sheria zetu hulitumia kwa maana ya kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki, na ni vyema tubaki na sheria. Zamani kitu hicho kiliitwa kiasi, wingi viasi, lakini neno hilo limekwisha kutekwa na maana ya kadiri. Basi risasi iwe kitu kizima; kichwa cha risasi kiwe kile kinachoruka; na ganda liwe kile kinachobaki. Watu wanayasema maneno haya tayari, na kazi ya istilahi mara nyingi si kubuni bali ni kukubali.

Hatua za kulinganisha

Tumesema kulinganisha, na inafaa tueleze kwa nini. Wengine husema kunyoosha bunduki, ambalo humfanya msomaji afikiri kwamba mtutu umepinda. Wengine husema kurekebisha shabaha, ambalo tumekwisha kuonyesha hatari yake. Kulinganisha lina maana mbili: kutazama vitu viwili kwa pamoja, na kuvifanya viwe sawa. Kazi hii inazihitaji zote mbili, kwa kuwa kwanza tunatazama tofauti kati ya shabaha na pigo, kisha tunaiondoa. Kurekebisha tunakiacha kwa tendo dogo la kusogeza kilengeo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mitutu yote haina risasi, kuifuta mafuta ndani, na kukagua kwamba skrubu zote zimekaza. Bunduki yenye kilengeo kinachotikisika hailinganishwi, hutengenezwa.

Hatua ya pili ni kuandaa mahali: uwanja ulioruhusiwa, wenye kingo ya udongo nyuma ya shabaha. Bunduki huegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Kinachoegemezwa ni ubao ulio chini ya mitutu, si mitutu yenyewe, kwa kuwa mtutu unaogusa kitu kigumu huruka pembeni ufyatuliwapo.

Hatua ya tatu ni kuchagua mtutu. Bunduki mseto ina vilengeo vya aina moja kwa mitutu yote, na mitutu imeungwa kwa lehemu; haiwezekani kuusogeza mmoja bila mwingine. Kwa hiyo vilengeo hulinganishwa kwa mtutu wa mifuo, ambao ndio unaohitaji usahihi mkubwa. Katika Drilling nyingi kuna kitufe cha kusukuma, tunachopendekeza kiitwe kichaguzi. Kikisukumwa, kifyatulio cha mbele huacha mtutu laini na kushika mtutu wa mifuo, na katika nyingi kilengeo cha nyuma huinuka chenyewe. Mfasiri aliyekitaja kichaguzi kwa jina la kizuizi cha usalama amemwachia msomaji wake hatari kubwa, kwa maana vitu hivi hukaa jirani na hufanana.

Hatua ya nne ni kupiga risasi tatu kwa shabaha iliyo umbali wa mita 50, kila moja kwa kulenga mahali palepale. Hapa ndipo mseto unapojidhihirisha. Mtutu wa mifuo ukipata moto hurefuka kidogo, lakini mwenzake uliounganishwa nao bado ni baridi na haurefuki. Basi yote miwili hujipinda kidogo, na pigo huhama. Anayepiga risasi tatu mfululizo ataona matundu yanatembea juu ya karatasi, naye atafikiri kwamba mkono wake unatetemeka au vilengeo vimelegea. Ataanza kurekebisha kitu ambacho hakina kosa. Inapasa baada ya kila risasi bunduki iachwe ipoe kabisa, hata kama ni dakika nyingi, kwa maana porini risasi inayotegemewa ni ile ya kwanza, itokayo katika mtutu wa baridi.

Hatua ya tano ni kupima. Katikati ya matundu matatu hutiwa alama, na umbali kati ya alama hiyo na mahali palipolengwa hupimwa kwa rula. Hilo ndilo kosa. Kiasi cha kusogeza kilengeo hupatikana kwa kuzidisha kosa kwa umbali ulio kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, kisha kugawanya kwa umbali wa hadi kwenye shabaha. Tuseme pigo liko chini kwa milimita 100, vilengeo vimeachana kwa milimita 500, na shabaha iko mita 50, yaani milimita 50,000. Mia moja mara mia tano, kugawanya kwa elfu hamsini, ni 1. Kilengeo cha nyuma kipandishwe kwa milimita moja tu.

Na hapa tunaweza kuona gharama ya neno shabaha. Msomaji aliyeelewa vibaya akapandisha kilengeo cha mbele kwa milimita moja hiyohiyo, hakuondoa kosa la milimita 100. Ameliongeza likawa 200. Kwa mita 100 kosa hilo litakuwa yapata milimita 400, bila kuhesabu mshuko wa kichwa cha risasi chenyewe. Huo ni umbali uliopo kati ya bega la mnyama na goti lake. Baadhi ya vilengeo vya mbele hurekebishwa kwa kupunguzwa kwa tupa, na chuma kilichopunguzwa hakirudi.

Hatua ya sita ni kuujaribu mtutu laini. Huu haurekebishwi, hujulikana. Karatasi kubwa husimamishwa umbali wa mita 35, hupigwa mara moja, kisha huchorwa duara lenye kipenyo cha sentimita 75 kuzunguka mahali penye matundu mengi. Katikati ya duara huonyesha mtutu laini unapiga wapi ukilinganishwa na mtutu wa mifuo, na idadi ya matundu huonyesha marisau yametawanyika kiasi gani. Sehemu ya mdomo iliyobanwa ili kupunguza utawanyiko huo tunapendekeza iitwe mbano. Mwenye bunduki aandike matokeo na aina ya risasi aliyotumia, kwa sababu akibadili aina ya risasi, mapigo ya mitutu yote yanaweza kubadilika.

Dakika isiyo ya saa

Bunduki nyingine huwekwa darubini juu yake. Darubini hurekebishwa kwa vifungo viwili vya kuzungusha, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Kila kifungo kikizungushwa hulia, na kila mlio ni hatua moja.

Hapa pana mtego wa pili. Maelezo ya darubini nyingi husema kwamba mlio mmoja ni robo ya dakika. Mfasiri mwangalifu kwa neno, lakini asiye mwangalifu kwa jambo, ataandika "robo dakika", na msomaji atangoja sekunde kumi na tano. Dakika inayotajwa ni sehemu moja ya 60 ya digrii, na kwa umbali wa mita 100 ni sawa na milimita 29 hivi. Robo yake ni milimita 7 hivi kwa mita 100, na nusu ya hapo kwa mita 50. Tunapendekeza daima iandikwe dakika ya pembe, bila kufupishwa. Darubini nyingi za Ulaya bara hutumia hesabu nyingine, ambayo mlio mmoja ni sentimita moja kwa mita 100. Kosa letu la milimita 100 kwa mita 50 litahitaji milio 20 katika darubini ya namna hii, na milio 27 au 28 katika ile ya robo ya dakika ya pembe. Mfasiri hana haki ya kukisia. Aangalie kilichoandikwa juu ya kifungo. Aangalie pia herufi: darubini ya Kijerumani huweka H kwa juu na R kwa kulia, na mshale wake kwa kawaida huonyesha pigo litakwenda wapi, si darubini.

Istilahi zinazopendekezwa

Kwa ufupi, tunawawekea wasomaji maneno haya wayapime:

Bunduki mseto: bunduki yenye mtutu wa mifuo na mtutu laini kwa pamoja.
Mtutu wa mifuo: mtutu uliochongwa ndani mifuo ya kuizungusha risasi.
Mtutu laini: mtutu usio na mifuo, wa marisau.
Mdomo: ncha ya mbele ya mtutu.
Mbano: kufinywa kwa mdomo wa mtutu laini ili marisau yasitawanyike mno.
Shabaha: kitu kinacholengwa, basi.
Kilengeo: chuma cha kulengea, kuna cha nyuma na cha mbele.
Mstari wa kulengea: mstari wa jicho, vilengeo na shabaha.
Pigo: mahali kichwa cha risasi kinapogonga.
Kichaguzi: kitufe cha kuchagua mtutu utakaofyatuliwa.
Kulinganisha: kazi nzima ya kufanya pigo liangukie shabaha.
Kurekebisha: kusogeza kilengeo.
Dakika ya pembe: sehemu moja ya 60 ya digrii.

Hitimisho

Haya ni mapendekezo, si amri. Inawezekana kabisa kwamba wawindaji wa Upare, wanaosema Chasu nyumbani na Kiswahili sokoni, wana maneno bora kuliko haya. Kadhalika askari wa wanyamapori, mafundi wa bunduki na wazee wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Mwalimu au mtumishi aliye karibu nao atafanya kazi kubwa akikaa nao, akaonyeshwa kila kiungo kwa kidole, akaandika kila kimoja kinaitwaje kabla hajafungua kamusi.

Tukumbuke tu nani anayelipa gharama ya neno lisilo na mpaka. Anayefyatua risasi iliyokwenda chini huondoka jioni akidhani amekosa. Kumbe nyati amejeruhiwa na amejilaza vichakani kando ya mfereji wa mpunga. Asubuhi atakayepita hapo wa kwanza si mpigaji wala mfasiri; ni mama aliyebeba jembe, au mtoto aliyetumwa kufukuza kwelea-kwelea. Huyo hajaisoma tafsiri yetu, wala hataisoma. Lakini ni kwa ajili yake kwamba inapasa, kabla ya kuandika "pandisha shabaha", mwandishi ajiulize swali la yule mzee: shabaha ipi?